Dubu porini: mwongozo kamili wa kutembea na kupiga kambi bila kuleta balaa

Watu wakianza kuuliza habari za dubu swali la kwanza ni lile lile, "nikikutana naye nifanyeje", yaani wanaanzia mwisho. Nitafika huko, ila ukishajikuta mmetazamana na dubu mita ishirini ujue kuna mambo manne matano ya nyuma yalishakupita. Dubu kwa kawaida hana mpango na wewe. Anaongozwa na pua na tumbo, na akisikia watu wanakuja mara nyingi anajiondokea zake kabla hata hujajua kwamba alikuwepo. Kwa hiyo kazi kubwa ni mbili tu, kelele wakati unatembea na harufu wakati umelala. Hayo mengine ya spre ya pilipili ya kumfukuza dubu na kulala kifudifudi ni ya dharura, unayajua halafu unaomba usiyatumie.

Mengi hapa yanahusu Marekani na Kanada maana huko ndo wapiga kambi na dubu wanaonana sana na ndo utafiti mwingi umefanyika. Ukienda kwingine kwenye dubu, Japani, Romania, wapi, msingi ni huu huu, ila sheria za mahali kazisome mwenyewe.

1. Jua unaingia kwa dubu yupi

Usiangalie rangi. Hili linadanganya watu sana. Dubu mweusi wa Marekani anaweza kuwa mweusi tii, kahawia, rangi ya mdalasini mpaka wa njano njano, na dubu wa kahawia, yule ambaye bara huko wanamwita grizli, anaweza kuwa wa giza kiasi kwamba ukiwa mbali utasema huyu mweusi. We tazama mabega. Grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, uso ukimwona kwa ubavuni umebonyea kati ya macho na pua, masikio mafupi ya duara, na kucha za mbele ndefu, sentimita 5 mpaka 10, ambazo kwenye tope zinaacha alama mbali kidogo na vidole. Dubu mweusi hana hiyo nundu, uso wake umenyooka, masikio yamesimama, na kucha zake ni fupi zilizojikunja, ndo maana anapanda mti bila kufikiria. Grizli naye anaweza kupanda, kwa hiyo wazo la kukimbilia juu ya mti lifute kabisa kichwani.

Dubu wa barafu ni habari nyingine. Yule anaweza kumfuata mtu kama mawindo kwa makusudi, na huko Svalbard, visiwa vya Norwe, ukitoka nje ya makazi ya watu sheria inakutaka uwe na vifaa vya kumfukuza, na mamlaka zinashauri ubebe bunduki. Kama huna uzoefu nenda na waongozaji wa kule, mwongozo wa kusoma kwenye simu hautoshi.

Msimu nao uangalie. Dubu wengi wanalala kipindi cha baridi na kuanza kutoka kati ya Machi na Mei, madume kwanza, halafu majike yenye watoto wadogo baadaye. Akitoka ana njaa na anatafuta mizoga ya wanyama waliokufa baridi ile. Katikati ya joto yuko kwenye majani, wadudu na matunda ya porini, na kwenye mito yenye samaki. Ikifika vuli anakula kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna chakula, anaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku, na dubu aliyezama kwenye kula namna hiyo anaweza asikusikie mpaka umemfikia kabisa.

Kabla ya safari ingia kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe au piga simu ofisi ya askari wa hifadhi uulize vitu vitatu: njia gani zimefungwa, chakula kinahifadhiwaje, na spre inaruhusiwa ama la. Usidhani kila mahali ni sawa. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, wanakutaka ukae angalau yadi 100 kutoka kwa dubu, ambayo ni kama mita 91, Denali ni yadi 300. Yosemite kulala porini lazima ubebe kopo gumu la chakula ambalo dubu hawezi kulifungua, na hiyo hiyo Yosemite spre ya dubu ni marufuku, wakati Yellowstone wanakusihi uibebe. Kuna njia za hifadhi ya Banff, Kanada, maeneo ya Ziwa Moraine, ambazo kwa vipindi fulani sheria inakulazimisha mtembee kikundi cha watu wanne kwenda juu. Ukikuta njia imefungwa kwasababu ya mzoga au jike lenye watoto, imefungwa. Usipite pembeni ya kibao eti unapiga picha moja tu.

2. Spre: kununua, kuvaa, kuitumia

Mimi kati ya spre na bunduki nachagua spre, na sio kwa huruma tu. Mwaka 2008 watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio ya Alaska ambapo watu walitumia spre, na kwa dubu wa kahawia ilisimamisha tabia mbaya ya dubu mara 92 kwa kila 100, na kati ya watu waliokuwa nayo asilimia 98 hawakuumia kwenye matukio yale. Smith na wenzake waligeukia bunduki kwenye utafiti wa 2012 na hawakuona tofauti ya maana ya matokeo kati ya wenye bunduki waliofyatua na wasiofyatua. Inaeleweka, kumlenga mnyama anayekujia kasi huku mikono inatetemeka ni kazi ya watu wachache mno, wingu la pilipili halihitaji shabaha hiyo.

Ukinunua hakikisha kopo lenyewe limeandikwa ni la dubu, na kama uko Marekani liwe na namba ya usajili ya EPA, shirika la mazingira la huko. Zile spre ndogo za kujilinda na vibaka sizo, zinatoa uzi mwembamba na hazifiki mbali. Ya dubu inatoa wingu pana, angalau gramu 225 kwenye kopo, inafika mita 7 mpaka 9 na zaidi kidogo kutegemea aina. Angalia tarehe ya kuisha, huwa ni miaka mitatu minne, baada ya hapo gesi ya kusukuma inapungua hata kama pilipili bado ipo. Usiiache kwenye gari lililopigwa jua, kopo linaweza kupasuka na hilo gari hutalikalia. Kwenye ndege hairuhusiwi, sio mkononi sio kwenye sanduku la chini, kwa hiyo nunua au kodisha ukishafika.

Sasa tatizo kubwa la spre ni kwamba watu wanaibeba ndani ya begi. Dubu wa kahawia anakimbia mpaka kilomita 56 kwa saa. Usain Bolt alipovunja rekodi Berlin 2009 kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kama 44 na ushee. Hiyo zipu utafungua saa ngapi? Kopo likae kiunoni au kwenye mkanda wa begi kifuani, mahali mkono unafika bila kutafuta, na kila mtu kwenye kundi awe na lake.

Nyumbani fanya mazoezi, kuna makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Chomoa kopo kwa mkono unaoutumia siku zote, kidole cha shahada kiingie kwenye tundu la mpini, dole gumba likae mbele ya kile kiplastiki cha usalama na kukivuta nyuma mpaka kitoke. Nyosha mkono, mkono wa pili ushike chini ya kopo maana lina teke kidogo likianza kutoka. Lenga chini kidogo, mbele ya miguu ya dubu, sio usoni wala juu ya kichwa, kwasababu wingu linapanda na yeye anakuja ameinamisha kichwa. Akiwa mita 18 hivi anakuja, anza, sekunde mbili tatu, uweke ukuta wa pilipili ambao atalazimika kuupita. Akiendelea piga tena. Upepo ukikujia usoni piga hivyo hivyo, utawashwa na wewe lakini bora kuwashwa. Upepo wa pembeni lenga upande unakotokea. Rudia zoezi hilo mpaka mkono ujue wenyewe, mara tatu nne kila unapoanza safari inatosha.

Na jambo moja ambalo kila mwaka kuna mtu analifanya: spre ya dubu haipakwi. Sio kwenye hema, sio kwenye begi, sio kwenye ngozi ya mtoto. Sio kama dawa ya mbu. Mabaki ya pilipili yakishakauka yana harufu ambayo imeonekana kuwavuta dubu waje kunusa na kujigaragaza hapo, yaani unakuwa umeweka mwaliko.

3. Ukiwa njiani

Lengo ni dubu asishtuke. Tembeeni kundi, watatu au zaidi, mkiwa karibu karibu, watoto katikati, hamna mtu wa kukimbilia mbele au kubaki nyuma kufunga kamba za viatu peke yake. Ongeeni. Sio kunong'ona, ongeeni kama mko mnabishana mpira, na mkifika kwenye kona isiyoonekana mbele, kichaka kinene, kilele cha mwinuko au kando ya mto unaounguruma pigeni makofi na kuita kwa nguvu, "oya dubu, tunapita!" Utajiona mjinga mara ya kwanza, utazoea. Zile kengele ndogo za kufunga kwenye begi sizikubali, sauti yake haifiki mbali na upepo ukiwa kinyume dubu anaisikia ukiwa umeshamkaribia, sauti ya mtu ndo inayoeleweka. Spika ya muziki nayo sikubaliani nayo, inakuziba masikio wewe mwenyewe halafu wenzako porini hawakuja kusikiliza nyimbo zako.

Hedifoni toa. Wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli kwenye vinjia ndo wako kwenye hatari zaidi ya kumshtua dubu kwasababu wanakuja kimya na kasi, kwa hiyo kama lazima ukimbie punguza kwenye kona na piga kelele mara mbili ya mtembea kwa miguu. Alfajiri na magharibi dubu wanatembea sana, panga uwe umefika kambini mapema na jua lipo.

Soma ardhi. Nyayo, kinyesi chenye mbegu za matunda au manyoya, magogo yaliyopinduliwa, ardhi iliyofukuliwa kama imelimwa, mti uliokwaruzwa na una nywele zimenasa kwenye gome. Kinyesi kikiwa bado kibichi na kinang'aa, geuza au ongeza kelele na utoe spre mkononi. Lakini la hatari kuliko yote ni mzoga. Ukisikia harufu ya kuoza, ukaona kunguru wamejaa mahali pamoja wanapanda na kushuka, au rundo la udongo na majani limefunika kitu, usisogee kuangalia ni nini. Dubu anafunika nyama yake na kulala karibu, na ataipigania. Rudi ulikotoka, njia ile ile, ukiwa unaongea kwa sauti ya kawaida.

Mbwa: hifadhi nyingi haziruhusu kwenye vinjia. Zinazoruhusu, afungwe kamba fupi. Mbwa aliyeachiwa anamfuata dubu, anambwekea, dubu anamgeukia, mbwa anakimbilia wapi? Kwako.

4. Kambi (hapa soma mara mbili)

Mwaka 1967, usiku mmoja wa Agosti, wasichana wawili waliuawa na grizli wawili tofauti kwenye hifadhi ya Glacier, Montana, sehemu mbili zilizo mbali mbali. Dubu wale walikuwa wameshazoea vyakula vya watu, kuna mahali mabaki ya jikoni yalikuwa yanatupwa na wageni wanakaa kuwatazama wakila. Usiku ule ndo ulisababisha hifadhi zibadilishe kabisa namna ya kushughulikia takataka na chakula. Na Yosemite mwaka 1998 peke yake kulikuwa na matukio zaidi ya 1,500 ya dubu na vitu vya watu, milango ya magari inakunjwa kwa ajili ya pakiti ya biskuti. Dubu akishaonja chakula cha binadamu hasahau, na mwisho wake mara nyingi anauawa na askari wa hifadhi. Kwa hiyo usafi wa kambi unakulinda wewe, unamlinda atakayelala hapo kesho, na unamlinda dubu.

Chagua mahali palipo wazi, mbali na kinjia, mbali na kingo za mto na vichaka vya matunda, usipige hema kwenye njia ya wanyama hata kama ni pazuri. Kabla ya kushusha begi zunguka eneo lote, ukikuta maganda ya mtu aliyepita au alama za dubu nenda mbele.

Halafu chora pembetatu. Hema pembe moja, jiko pembe ya pili, ghala la chakula pembe ya tatu, na kati ya hema na hizo nyingine mbili uache mita 100, hema likiwa upande upepo unakotoka ili harufu ya jiko isipite juu yako. Mita 100 ni mbali kuliko unavyodhani, hesabu hatua. Kuna maeneo huwezi kupata nafasi hiyo, pata kadiri unavyoweza ila hema na chakula visikae pamoja kamwe, hata kipipi kimoja kwenye mfuko wa jaketi.

Tuseme unapika tambi na kopo la samaki. Funika nywele au zifunge, vaa nguo za kupikia, sio utakazolalia. Pika kiasi mtakachomaliza maana mabaki ndo shida. Maji ya kopo la samaki usimwage kwenye majani, yanywe au yachemshe pamoja na tambi. Mkimaliza, kwangua sufuria na kijiko, maji ya kuoshea yachuje kwa kitambaa, yale makombo yaliyobaki kwenye kitambaa yaende kwenye mfuko wa takataka, maji yamwagwe mbali na hema na mbali na mto. Kopo tupu usilichome moto ukadhani harufu imeisha, haiishi, libebe. Kitambaa nacho kinaingia ghalani. Sasa nawa mikono na uso, vua zile nguo za jikoni, nazo zinaingia ghalani. Vaa nguo safi za kulalia ambazo hazijawahi kukaa jikoni.

"Chakula" kwenye lugha ya dubu ni chochote chenye harufu. Dawa ya meno, sabuni, losheni, mafuta ya midomo, dawa ya mbu, mafuta ya jua, dawa za kikohozi, waipsi, chupa iliyokuwa na juisi, chakula cha mbwa na bakuli lake, takataka zote. Wadada wanauliza sana kuhusu hedhi: hakuna ushahidi kwamba grizli na dubu weusi wanavutwa zaidi na mwanamke aliye kwenye siku zake, nenda tu, pedi zilizotumika ziweke kwenye mfuko unaofungwa vizuri na uzihifadhi ghalani pamoja na vitu vingine vya harufu.

Kuhifadhi kuna njia tatu nne. Kama kambi ina kabati la chuma la kuhifadhia chakula, litumie na ulifunge mpaka usikie linakamata. Kopo gumu ndo chaguo langu kwa wanaolala porini, halimtegemei mti wala ustadi wa kamba. Makopo mazuri yanajaribiwa na dubu wenyewe, kuna kituo West Yellowstone, Montana, ambapo wanampa dubu kopo limejaa vitamu na kumwacha alipige, alikalie, aling'ate, likivumilia saa nzima linapita. Liweke chini mita 100 kutoka kwenye hema, mbali na mteremko na maji lisibiringike, na usilifunge kamba yoyote maana utampa mpini wa kulibebea. Jaribu nyumbani kama vitu vyote vya siku ya kwanza vinaingia, na sabuni yake, wengi wanagundua usiku wa kwanza kwamba mfuniko haufungi.

Kutundika kunafanya kazi ila kunafanywa vibaya sana. Mfuko uwe mita 3 kutoka ardhini kwenda juu, ukifika 4 ni bora, na mita 1.2 kutoka kwenye shina lolote, kwa hiyo unahitaji tawi refu au kamba kati ya miti miwili. Tafuta mti kabla giza halijaingia. Kwenye msitu wa miti mifupi sahau, beba kopo.

Gari: kwenye nchi ya grizli mara nyingi gari gumu lililofungwa vioo juu linakubalika, Yosemite usiku kuacha chakula garini hakuruhusiwi kabisa. Soma kibao.

Ndani ya hema unaingia na tochi ya kichwani, spre na kitu cha kupigia kelele. Vikae mahali pale pale kila usiku, mkono wa kulia kwa mfano, ili uvipate gizani. Usilale nje bila hema.

5. Umemuona

Kama yeye hajakuona, rudi taratibu bila kelele na uzunguke mbali sana, au subiri mbali mpaka aondoke. Basi.

Kama amekuona, simama. Usikimbie, usikimbie, usikimbie, ukikimbia unaamsha mambo ambayo hukuyakusudia. Kusanyikeni pamoja, watoto wabebwe, toa spre na ukivue kiplastiki. Ongea kwa sauti ya chini ya upole, pungia mikono taratibu ajue wewe ni mtu. Akisimama kwa miguu ya nyuma watu wanapiga yowe, ila hapo anaangalia na kunusa tu, anajaribu kukuelewa. Anza kurudi nyuma kwa kukata pembeni, ukimwona kwa jicho la pembeni bila kumkazia macho, na mwachie njia ya kuondokea. Begi usitupe, litakukinga mgongo, na chakula usimrushie hata kidogo.

Hapa ndo inabidi usome tabia, na ndo sababu kale kasemo ka kwamba mweusi pigana naye na wa kahawia lala chini kananikera. Cha kujiuliza ni anataka nini. Dubu anayejihami, labda ana watoto, ana mzoga, au umemtokea ghafla, anaonyesha wasiwasi: anapumua kwa kishindo, anagonganisha meno, anapiga chini kwa mkono, anapiga mwayo, mate yanamtoka, masikio nyuma. Huyo anataka umbali, mpe. Dubu anayekuwinda hana maneno. Kimya, kichwa juu, masikio mbele, anakufuata ukihama, anazunguka, anarudi. Huyo usimpe upole hata kidogo. Jifanye mkubwa, piga kelele, rusha mawe na matawi, simama mahali pa juu, mkaribie kwa hatua moja mbili, spre tayari.

Na wengi wanadhani kwa dubu weusi mama mwenye watoto ndo anayeua watu zaidi, sio. Herrero na wenzake mwaka 2011 walichapisha uchambuzi wa vifo 63 vilivyosababishwa na dubu weusi Marekani Kaskazini kati ya 1900 na 2009. Katika matukio waliyoweza kuyapima, asilimia 88 dubu alikuwa anawinda, na waliowinda walikuwa karibu wote madume, na mara nyingi walioshambuliwa walikuwa mtu peke yake au kikundi cha wawili. Ni vifo vichache kwa miaka mia na zaidi, usije ukaogopa ukakaa ndani, ila vinakwambia dubu mweusi anayekufuata kimya ni wa kupigana naye.

6. Anakuja

Mashambulizi mengi ya kutisha ni ya uongo, anakuja kasi halafu anasimama mita chache au anapita pembeni. Huwezi kujua mapema, kwa hiyo simama mahali pako na piga spre akifika ile mita 18. Akisita, rudi nyuma taratibu, usigeuke.

Akikugusa na alikuwa anajihami, hasa grizli: lala kifudifudi, begi mgongoni, vidole vifungane nyuma ya shingo, viwiko vikae chini vimetanuka kukinga uso, miguu itanuliwe ili asikupindue kirahisi. Akikupindua zunguka mpaka urudi tumbo chini. Nyamaza. Ni rahisi kuandika na ngumu kufanya, najua. Akiachia usiinuke, anaweza kuwa amekaa pale anakutazama, kaa dakika nyingi, sikiliza, kisha inua kichwa kidogo. Lakini akiendelea kukung'ata baada ya wewe kutulia, au akaanza kukulamba na kukutafuna, sio kujihami tena, pigana.

Dubu mweusi akikugusa, au dubu wa aina yoyote aliyekuwa anakuwinda, au aliyekuja kwenye hema usiku, usijifanye umekufa. Piga kwa kila kitu, jiwe, fimbo, kopo la gesi, tochi, lenga pua na macho, piga kelele, na wenzako wasikae pembeni waje kusaidia.

7. Baadaye

Ondokeni eneo hilo pamoja, polepole. Jeraha linalotoka damu bonyeza kwa kitambaa kisafi mfululizo bila kuchungulia kila dakika, na hata likionekana dogo fika hospitali, mdomo wa dubu una bakteria wa kutosha na kuna sindano ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa ya kuuliza. Kama spre imekurudi machoni usisugue, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, toa lenzi kama unavaa, kaa sehemu yenye hewa. Kupumua kukiwa kugumu hapo ni daktari.

Ripoti kwa askari wa hifadhi hata kama hujaumia, hata kama dubu alichukua mkate tu, waambie mahali, saa, alikuwa anafanya nini, alikuwa na watoto ama la, na kama alipata chakula sema ukweli, wao wanaweza kufunga njia kabla mwingine hajapita. Nguo na begi vilivyopata pilipili vioshwe kwa sabuni kabla ya kulala navyo tena porini. Kopo ulilopuliza hata sekunde moja usilirudishe kiunoni, hujui limebaki na kiasi gani, nunua lingine kabla hujaingia tena kwenye kinjia.